Tangulia Wewe

Hedayat alikuwa mtu wa kusema "tangulia wewe." Mlangoni, kwenye lifti, mbele ya sinia la chai, hata kwenye foleni ya mkate ambako kila mtu amekuja kupigana, yeye alirudi nyuma hatua moja, akaweka mkono kifuani na kumpisha aliye nyuma yake. Watu wa Isfahan wote wana adabu hiyo, ila wengi wao huishia kuitamka tu, mguu umeshaingia ndani zamani. Hedayat alimaanisha. Mkewe, Turan, alisema ndiyo maana katika ndoa yao yote hajawahi kuonja mkate wa moto.

"Hata vitani," Turan alipenda kuwaambia wageni, "gesi ilipoingia kwenye handaki, nina hakika huyu alimwambia mwenzake avae barakoa kwanza."

Hedayat alicheka, akakohoa, na hakusema ndiyo wala hapana. Alichorudi nacho kutoka vitani ni mapafu yaliyoungua. Kwenye kona ya sebule palikuwa na mashine ya oksijeni, na mlio wake pamoja na pumzi yake ya kukwaruza ulisikika nyumba nzima mchana na usiku. Mahrokh, binti yao wa pekee, alizaliwa akaikuta sauti hiyo. Utotoni akipelekwa kulala kwa shangazi yake Effat alilia mpaka arudishwe, kwa sababu kwa shangazi kulikuwa kimya mno.

Kitu kingine alichopata kwa baba yake ni pua. Ilikuwa ndefu, yenye nundu katikati, na juu ya uso wa Hedayat ilikaa vizuri tu. Juu ya uso wa binti ilikuwa habari nyingine. Mahrokh aliuza magauni ya harusi katika duka ambalo wasichana wote walikwishapasuliwa pua, na wale waliokuwa bado na plasta waliringa nayo kama cheo. Naye Effat hakuwa na huruma.

"Pua yako inaingia mlangoni, halafu tunangoja," alisema. "Ikishafika, ndiyo unafuata wewe."

"Mwache," alisema Turan. "Hiyo ndiyo pua iliyokuja kunichumbia. Mwenye pua nilimwona baadaye."

Walicheka wote, na Mahrokh alicheka kuwashinda. Lakini usoni pake ndiko mzaha ulikokaa, na jioni hiyo alimweleza baba yake kwamba anataka kupasuliwa. Alikuwa amejiandaa kubishana. Hedayat hakubisha.

"Pua ni yako, mama," alisema. Ndivyo alivyomwita tangu utotoni. "Nakuomba jambo moja tu. Kabla hajakugusa, muulize huyo daktari, pumzi yangu itakuwaje? Muulize hivyo hivyo. Mambo mengine yote ni yenu wanawake, mimi siyajui."

Mahrokh aliahidi. Hakikuwa kitu cha kushindikana.

Ila Hedayat alikuwa amemlea vizuri mno. Daktari alikuwa mtu mzima, mpole, anayesifika mji mzima. Alimketisha, akamwita bibi, akamchorea pua mpya juu ya picha yake kwa kalamu, kisha akauliza kama ana swali lolote. Swali lilimfika Mahrokh kwenye ulimi, na hapo akaliona lilivyo. Kumuuliza fundi kama huyu iwapo utaweza kupumua ni sawa na kukaa mezani kwa mtu ukamuuliza kama nyama yake imeoza. Nje ya mlango kulikuwa na wanawake waliongoja tangu asubuhi.

"Mkono wako usiume, daktari," alimshukuru. "Sina swali. Niko mikononi mwako."

Nyumbani Hedayat aliuliza kabla Mahrokh hata hajavua ushungi. "Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza, baba. Kasema hakuna shida kabisa."

Baba alishusha pumzi, akaomba chai. Ndiyo yote. Uongo mdogo, wa kumtuliza mzee, na siku ile haukumgharimu mtu chochote.

Akapasuliwa. Alirudi amejazwa pamba puani, macho yamevimba rangi ya biringanya, na jamaa wakamiminika kila mmoja na kopo lake la nanasi la sharubati, kwa sababu ndicho kinacholetwa kwa mtu wa pua. Hedayat alikaa karibu naye na bomba lake la oksijeni, akamtazama anavyohema kwa mdomo.

"Sasa tuko wawili," alisema, akafurahia mzaha wake. "Lakini wewe wanakutoa pamba wiki hii. Mimi wamenisahau."

Pamba ikatolewa, kisha plasta ikatolewa. Pua ilikuwa nzuri. Sitasema uongo, ilikuwa nzuri kweli, nyembamba na iliyonyooka. Effat alichoma mbegu za ufukizo wa kuondoa kijicho, akazungusha moshi juu ya kichwa cha Mahrokh na kushindwa kumtania. Katikati ya moshi ule Mahrokh alivuta hewa, na kuta za pua zikajikunja ndani zikagusana. Hakuna kilichoingia. Akafungua mdomo, akameza moshi, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Furaha hiyo," alisema Effat.

Akajiambia ni uvimbe. Alikwenda kwa daktari na boksi la gazi, zile peremende nyeupe za pistachio ambazo mtu wa Isfahan hawezi kwenda kushukuru bila kuzibeba. Daktari alimwinua kidevu, akageuza uso wake huku na huku, akaridhika na kazi yake. "Umeridhika, bibi?"

Boksi likiwa mkononi mwake, angesema nini? "Sana, daktari. Mungu akulipe."

"Una tatizo lolote?"

"Hapana, shukrani." Alihema kidogo kwa mdomo, akatabasamu ili ionekane ni tabasamu.

Akarudi mara nyingine na boksi jingine, na jibu lilelile. Daktari hakuwa mbaya. Aliuliza, na aliambiwa.

Uvimbe ukaisha, pumzi haikurudi. Akilala chali alihisi kama mtu amemkalia usoni. Alikoroma, alishtuka akitweta, koo likikauka mpaka linauma. Hakuweza kutafuna na kupumua kwa wakati mmoja, ikabidi ameze haraka kisha ahemee hewa. Na kwa maisha yake yote, wakati wa usingizi wa mchana, alikuwa akijilaza kwenye zulia karibu na kochi la baba yake, na walikula kwenye kitambaa kimoja kilichotandikwa chini, wakitazamana.

Mtu mwingine angedanganyika. Hedayat, aliyeishi akihesabu kila mvuto wa hewa, angesikia mara moja. Angeuliza tena kama alimuuliza daktari, naye Mahrokh angesema nini? Afadhali kufa, aliwaza Mahrokh, kuliko kumwonyesha mtu aliyenyang'anywa pumzi yake kwamba mimi yangu nimekwenda kuitoa mwenyewe, kwa ajili ya pua.

Basi akahamia chumba cha nyuma. Alisema sebule ina joto. Mlango akaufunga. Chakula akala jikoni, amesimama, akisema anachelewa dukani.

Hedayat hakuuliza neno. Adabu yake ilimkataza, na ndilo jambo linaloniudhi mpaka leo ninapolikumbuka, kwamba watu wawili wanaopendana vile walikaa nyumba moja wakioneana adabu kama wageni. Alichokiwaza, Mahrokh alikuja kukijua kwa mama yake, muda umeshapita. Hedayat aliona binti yake amekuwa mzuri, na tangu awe mzuri hakai naye wala hali naye. Akajisikiliza mwenyewe, kikohozi, makohozi, mashine inayonguruma pale kona. Akamwambia Turan, "Ana haki. Msichana mwenye uso ule anataka nyumba isiyonguruma. Mimi mwenyewe najichoka."

"Usiseme upuuzi, mzee," Turan alimjibu, akaendelea kuchambua mboga.

Hapo ndipo alipoanza kuizima mashine. Mlango wa nyuma ukifungwa mchana, Hedayat aliinuka polepole, akachomoa waya, akarudi kukaa wima kwenye kochi, mto ameubana mdomoni ili kikohozi kisitoke. Akimsikia Mahrokh ameamka, aliuchomeka tena. Turan wakati huo alikuwa amelala chumbani. Nyumba ilikuwa kimya, na Mahrokh kule nyuma, akipigania hewa yake, alidhani ni mlango uliofungwa unaozuia sauti.

Siku moja ya kiangazi hakusinzia kabisa. Alitoka kunywa maji, na korido ilikuwa kimya ingawa mlango sasa uko wazi. Sebuleni baba yake alikuwa amekaa wima, mto mapajani, midomo ya kijivu. Waya wa mashine ulikuwa chini, umekunjwa vizuri.

Hospitalini walimvalisha barakoa ya oksijeni na kumwinulia kichwa kwa mto. Daktari wa zamu alimwita Turan pembeni, na aliporudi uso wake ulitosha kueleza. Mahrokh aliketi kwenye kiti cha chuma, karibu na sikio la baba yake.

"Nani alizima mashine, baba?"

Alisogeza barakoa kidogo. "Mimi."

"Kwa nini?"

"Ulale." Alipumzika. "Inapiga kelele. Na mimi napiga kelele. Umeihama sebule kabisa, mama. Nikaona nikupishe."

Mahrokh aliinamia ukingo wa kitanda. Alilia, na mtu anayelia pua huziba, na yake ilikuwa imeziba tayari. Hewa ikaanza kuingia kwa mdomo kwa kishindo, kwa mluzi, sauti yote aliyoificha tangu ile siku ya ufukizo. Hakuizuia tena. Hedayat aligeuza kichwa. Alisikiliza kama mtu anavyousikiliza mlango wake mwenyewe ukibishwa.

"Tangu lini?"

"Tangu walipotoa plasta. Nilihama usinisikie, baba. Si wewe. Wallahi si wewe."

"Ulimuuliza?"

"Sikumuuliza. Niliona haya."

Alifumba macho, na Mahrokh akadhani amekasirika, akatamani awe amekasirika. Mkono wa Hedayat ulipanda mpaka usoni, ukaishika barakoa, ukaivua. Akamnyooshea binti yake. Mkono wa pili, wenye sindano, ukatafuta kifua chake mpaka ukakipata.

"Tangulia wewe," alisema.

Hakuwa akitania, na hakuwa amechanganyikiwa. Mahrokh alimrudishia barakoa usoni, akaikaza kwa viganja vyote viwili, akamwomba, akamsihi, na yeye macho yake yakiitazama ile pua nzuri kwa huruma tupu. Alfajiri akafariki.

Baada ya arobaini Mahrokh alikwenda kwa daktari. Alikwenda mikono mitupu, na karani wa mapokezi akatazama mikono hiyo kwanza. Daktari alimwinua kidevu, akauliza kama ameridhika.

"Hapana," alisema Mahrokh. "Siwezi kupumua. Sijaweza hata siku moja."

Daktari alikaa. Akachukua taa, akamwambia avute hewa, akaona kuta za pua zinavyojikunja. "Kwa nini hukusema, bibi? Nilikuuliza kila ulipokuja."

"Uliniuliza," alisema.

 Ilibidi wangoje mwaka utimie tangu upasuaji wa kwanza, kisha daktari akakata kipande cha gegedu nyuma ya sikio na kuzishikiza zile kuta. Pamba tena, plasta tena. Effat alileta nanasi, akaliweka mezani, akakaa bila mzaha wowote. Pamba ilipotolewa, hewa iliingia baridi mpaka nyuma ya paji la uso, kimya kabisa. Mahrokh alilia kwenye teksi njia nzima kurudi nyumbani.

Mashine ilikuwa imesharudishwa ilikotoka, na kona yake imewekwa chungu cha maua. Mchana Mahrokh alijilaza sebuleni kwenye zulia, mahali pake pa zamani. Alipumua mdomo umefungwa, bila kujisikia akipumua. Turan alikuwa kwenye kochi la Hedayat, amejifunika shali, anageuka huku, anageuka kule.

"Hulali, mama?"

"Tangu aondoke silali," alisema Turan. "Usiku, ulipokuwa bado unakoroma kule nyuma, nilikuwa nasinzia kidogo. Sasa na wewe umepona." Akasita. "Alhamdulillahi. Sisemi kwa ubaya. Ila nyumba haina mtu."

Mahrokh alitazama dari. Kisha akasogea mpaka chini ya kochi, kichwa chake kikagusa mkono wa mama yake uliokuwa ukining'inia, akafungua mdomo, akaanza kuvuta hewa kwa koo, nzito, ya kukwaruza, kama alivyoisikia maisha yake yote. Koo lilianza kukauka na kuuma. Hakuacha. Turan alikamata nywele za binti yake kwa vidole, na baada ya muda vidole vikalegea, naye akalala.