Ng'ombe Aliyenunuliwa Mara Tatu

Foleni alizaliwa miaka ile ya kupanga mstari kwa kipande cha sabuni, ndiyo maana mfugaji wake, Anyosisye, akampa jina hilo. Lakini ng'ombe mwenyewe hakuwahi kupanga foleni maishani. Kwenye josho alitangulia, malishoni alitangulia, na Jumapili kengele ya kanisa ikilia alikuwa wa kwanza kusimama. Nilimwona kwa macho yangu akiinamisha kichwa wakati wa Baba Yetu. Asiyeamini aende kijijini kwetu Mpuguso akaulize, ingawa mashahidi wengi wamekwisha kufa.

Basi biashara ikafunguliwa, malori ya Dar yakaanza kupanda mpaka kwetu kutafuta ndizi. Ndizi walizozipenda wenye malori ni za Meshaki, jirani yake Anyosisye. Hawa wawili walikuwa wakiombana moto wa jikoni tangu ujana, lakini sasa lori likifika kwa Anyosisye linapiga honi tu, linapita. Wivu ukamwingia. Asubuhi moja akachukua panga, akaingia shambani kwa Meshaki, akafyeka migomba yenye mikungu.

Ukungu wetu mnaujua. Siku ile ulikuwa mzito hata nikatundika koti langu juu yake, likakaa mpaka jua kali. Ulipoondoka, Anyosisye akaiona kazi yake: alikuwa amevuka mpaka bila kujua, na nusu ya migomba iliyolala chini ilikuwa ya kwake mwenyewe.

Akaenda kwa Meshaki, panga bado mkononi, akasema, "Ni mimi."

Meshaki akatazama shamba lake, akatazama la mwenzake, akacheka mpaka akakaa chini. "Nimekusamehe, gwe! Migomba itachipua. Nenda kapumzike, umefanya kazi ya watu wawili."

Hapo yangeisha. Lakini msamaha ule ulimkaa Anyosisye tumboni kama ugali mbichi.

"Mtu anaharibu mali ya mwenzake, halafu basi?" aliniambia. "Hapana. Lazima nilipe. Sikukuu ya mavuno namtoa Foleni sadaka kanisani."

"Ng'ombe wako ni huyo mmoja. Utabaki na nini?"

"Na amani."

Mkewe, Tusekile, aliposikia alinyamaza. Wanaomfahamu Tusekile waliogopa.

Kwetu sadaka za mavuno hunadiwa uani kwa kanisa baada ya ibada. Asiye na fedha ananunua kwa alicho nacho. Aliyenunua anaweza kumpa kitu hicho amtakaye, na aliyepewa anaweza kukirudisha mezani kinadiwe tena. Dalali ni mimi tangu nistaafu kiwanda cha chai, kwa kuwa sauti yangu ilikwisha kuzoea kushindana na mashine.

Siku hiyo Asajile, mwenye bucha pale mtaa wetu wa Bagamoyo, alifika na kamba yake kabisa. Anyosisye alipoiona aligeuza uso.

"Haya, Foleni huyu hapa! Anajua na kuomba!" nikaanza. Asajile akataja bei yake.

"Maharage yangu yote yaliyo ghalani!" Meshaki akapaza sauti. Nikagonga meza. Meshaki akachukua kamba ya Foleni, akaenda moja kwa moja kwa Anyosisye. "Mchukue ng'ombe wako."

"Sichukui. Narudisha mezani."

Nikanadi tena. Asajile akapanda bei. Meshaki akamtazama, akasukuma mbele baiskeli yake mpya, ile aliyoiota miaka yote maduka yalipokuwa matupu.

"Baiskeli!"

Nikagonga meza. Akamkabidhi tena.

"Narudisha," Anyosisye akasema.

Asajile akakunja kamba yake. "Mimi nanunua nyama, sinunui kesi." Akaondoka.

Mara ya tatu Meshaki akavua koti lake la mtumba, baridi ile ya Julai, akaliweka mezani. Nikagonga. Anyosisye akatikisa kichwa. Ndipo Meshaki, bila neno, akaanza kufungua vifungo vya shati.

"Anyosisye!" Tusekile akasimama. "Unataka baba wa watu abaki uchi ndipo uamini amekusamehe? Bwana wetu alivuliwa nguo mara moja, ikatosha dunia nzima. Wewe una dhambi gani ya kuhitaji mara ya pili?"

Hata Foleni aliacha kucheua.

Anyosisye akamwambia Meshaki polepole, "Lakini mimi sina cha kukurudishia."

"Najua huna. Ndiyo maana nimenunua mimi. Pokea kamba, gwe, mkono unauma!"

Anyosisye akapokea. Machozi yakamtoka mbele za watu. "Ndaga," akashukuru kwa lugha ya kwetu. "Ndaga fijo."

Mchungaji Ambilikile alikuja mezani akanong'ona, "Nilikuwa nimeandaa mahubiri ya ukombozi kwa Jumapili ijayo. Sasa nitahubiri nini?"

"Hubiri kwa kifupi," nikamshauri. Nasikia alifuata.

Wakaondoka pamoja, Meshaki kwa miguu, shati tu mwilini, hoi kwa baridi lakini anapiga mluzi. Walipofika njia panda Anyosisye akaanza kuvua koti lake ampe.

"Usianze tena!" Meshaki akapiga kelele, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwishowe wakajifunika wote wawili koti lile moja, wakaendelea kuteremka.

Na Foleni, ambaye hakuwahi kumfuata mtu maishani mwake, akapanga foleni nyuma yao. Nilimwona kwa macho yangu.