Sila ya Mjomba Delbert

Taa kumi na mbili za mti wa cheri zikinunuliwa, nitabaki kwenye kerezo, mashine ya kuzungusha na kuchonga mbao. Zikikataliwa, Jumatatu nitaingia kiwanda cha kuku kama dada zangu. Hayo ndiyo makubaliano ya Mjomba Delbert na mkewe, Oleta.

Kukereza aliniachia tangu mikono yake ianze kutetemeka. Sila hakuniachia. Sila hutangulia: inaziba vinyweleo vya mbao, unapiga msasa laini, ndipo vanishi ikae. Ya chini ikikataa, ya juu haina pa kushika.

"Si ununue ya kopo, mzee?" Oleta alimwambia.

"Ya kopo ni ya wavivu. Hii ni shelaki ya marehemu baba."

Ilikuwa kweli. Magamba ya gundi ya wadudu, ya rangi ya asali, ndani ya mkebe wa kahawa ulionizidi umri. Akayatia chupani, akamimina spiriti, akatikisa. Kesho yake kwenye kitako cha chupa palikuwa na donge lenye utelezi kama bamia.

Nilidondosha matone matatu juu ya kioo. Shelaki isiyoharibika kwa uzee hukauka ndani ya saa moja. Siku ya tatu ukucha wangu bado ulizama.

"Mwambie," Oleta akaninong'oneza.

Nikaenda. Kerezo lilikuwa likiunguruma.

"Mjomba, ile sila..."

"Verna! Unaongea na mimi au na panya? Paza sauti, binti!"

Akacheka. Nami nikacheka. Nikachukua kitambaa, nikapaka taa zote kumi na mbili kwa sila ileile.

Msasa haukutoa unga mweupe. Ulitoa vidonge vya kunata, nikavipangusa upesi asione. Vanishi ikafuata.

Jumamosi mama wa duka aliyeziagiza alikuja, akafunua taa ya kwanza. Gazeti nililoifungia liling'ang'ania mbao. Alipolivuta, herufi zikabaki mguuni mwa taa. Akafunua ya pili. Ya tatu hakuifunua.

"Delbert, kaka yangu, hizi siwezi," akasema taratibu, akarudi kwenye gari lake.

Mjomba alikaa juu ya gogo. Akagusa taa kwa kidole, akakitazama kidole.

"Uliona?" akaniuliza.

"Niliona, Mjomba."

"Tangu lini?"

"Tangu kwenye chupa."

Safari hii alinisikia vizuri. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Basi hata kuku watakushinda sauti," akasema.

Jumatatu nilikuwa kwenye mstari, nimevaa glavu, nikikata mabawa. Msimamizi aliniuliza jina mara mbili; mara ya kwanza sauti yangu haikumfikia.