Kilima Kilichopanda

Kilima kilikuwa kimepanda shubiri nzima tangu kiangazi kilichopita, ndivyo mashine ya leza ilivyodai. Verna aliisimamisha tena juu ya miguu yake mitatu, mwale ukapapasa kila jiwe na kila kichaka, jibu likaja lilelile. Hapo Tuktoyaktuk, kijiji cha kaskazini kabisa mwa Kanada, ardhi hulala juu ya barafu iliyozikwa, na barafu ikiyeyuka ardhi hushuka. Kupanda haijui.

Marcel, mwenzake wa kazi kutoka kusini, alicheka mpaka akakaa chini. Alisema labda kilima nacho kimechoka kudidimia kila mwaka. Verna hakucheka. Kila kipimo huanzia kwenye alama moja isiyosogea, na alama hiyo aliigongomelea yeye mwenyewe kwenye nguzo ya nyumba ya baba yake. Nani angebisha? Baba yake, Mzee Wallace, alizichimbia nguzo zake ndani kabisa ya barafu, hata watu wakamtania kwamba kiyama kitaikuta nyumba yake imesimama. Majirani walipohamishwa yeye aligoma, na sikio la kufa halisikii dawa.

"Hakuna kilichopanda," Verna alisema. "Alama yetu ndiyo iliyoshuka."

"Alama si iko kwenye nyumba ya mzee?"

"Ndiyo hiyo."

Verna alimwachia Marcel mashine akatimka mbio. Chini ya nyumba ile kulikuwa na ghala la barafu, shimo refu ambamo mzee huhifadhi nyama ya nyangumi. Leo alikuwa ateremke kuwakatia muktuk, ngozi na mafuta yake, maana aliona aibu mgeni wa binti yake aondoke hajaionja.

Kifuniko cha shimo kilikuwa wazi. Verna alilala kifudifudi, akaita. Zamani shimo hilo lilikuwa kavu na kimya. Sasa alisikia maji yakitiririka mahali asipopaona. Tochi ikamulika kutoka chini, na sauti ya baba yake ikaja na utani wake wa siku zote.

"Verna? Hebu niambie, mwanangu, nani kaikata ngazi yangu? Nilipoteremka ilifika kwenye kifuniko."

"Panda, baba. Iache nyama, panda sasa hivi."

Mzee alipanda mpaka kidato cha mwisho, akainua mkono. Verna alinyoosha wake mpaka bega likamuuma. Vidole vyao vilikosana kidogo tu, na ngazi ilikuwa ingali ikishuka.