Mabakuli Yaliyokohoa Kongamanoni

Ukumbi ulinukia nta na mbao mbichi. Jukwaani Fundi Mkuu, aproni imepigwa pasi, alikuwa akikereza gogo kwenye mashine, maranda yakimrukia begani, na washiriki wa kongamano la wakereza mbao wakiandika kila alichotamka.

Mke wa Msumari hakuandika kitu. Alisimama nyuma, kwenye meza ya maonyesho, akiyatazama mabakuli kwa jicho la pembeni. Mumewe, aliyeitwa Msumari kwa wembamba wake, alikuwa amemkerezea Fundi Mkuu mabakuli maisha yake yote katika chumba kisicho na dirisha. Alipoomba feni, aliambiwa vumbi la mbao ndicho chakula cha fundi. Akalila mpaka likamla yeye. Msibani Fundi Mkuu alifika kabla ya ndugu wa damu, akalia kuwashinda wote, akaondoka na gunia.

"Vifaa vyangu tu, shemeji."

Patasi gani zinagongana kama mabakuli? Wengine walisahau. Yeye hakusahau.

Aligeuza bakuli moja. Chini lilikuwa limechomwa jina la Fundi Mkuu. Alipolirudisha mezani, likakohoa: mara mbili fupifupi, kisha pumzi ndefu yenye mluzi. Kikohozi hicho alikuwa amelala nacho kitanda kimoja. Bakuli la jirani likapokea, na meza nzima ikafuata.

"Mlio karibu na meza, yafunikeni kidogo," mwenyekiti akasema kwenye kipaza sauti. "Hatumsikii Fundi."

Mhudumu akaja na jagi, akatia maji kidogo katika kila bakuli. "Poleni," akayaambia.

Wakati wa chai mke wa Msumari akamkabili Fundi Mkuu, akionyesha mabakuli. "Huyu ni mume wangu."

"Huo ni mti wa msaji, shemeji. Mbao hukohoa zikikauka."

"Kwa sauti ya mtu?"

"Inategemea zimekaa na nani." Akajipangusa vumbi kwenye nyusi.

"Basi andika zilikaa na nani. Hata kwa kalamu."

Mwenyekiti akaingilia kati, kikombe mkononi. "Mama, kanuni yetu ni bakuli moja, jina moja. Na huyo bwana hakujiandikisha."

"Si amefika? Humsikii?"

"Amefika, sikatai. Ila amechelewa."

Jioni Fundi Mkuu alivishwa nishani. Watu walipiga makofi, mabakuli yakakohoa, na hakuna aliyeona kimoja kinaharibu kingine. Kisha wanunuzi wakaja mezani. Bibi mmoja mwenye miwani akalichagua lile bakuli la kwanza kukohoa, akamuuliza mke wa Msumari, akidhani ni muuzaji:

"Hukohoa hata usiku?"

"Hasa usiku."

"Haidhuru. Nyumba yangu kubwa. Nitaliweka chumba cha wageni."

Mke wa Msumari akalipakata, akalisugua mgongo polepole mpaka pumzi ikatulia. Bibi alingoja kwa adabu, karatasi ya kufungia ikiwa tayari mkononi, kisha akalipokea.