Neno Nililowakataza Wanafunzi

Mimi nafundisha Kiingereza Butembo, na kuhusu neno moja nilikuwa mkali kuliko padri. Mwanafunzi akiandika kwamba shangazi yake amechimba kiazi «enormous», nalikata neno kwa wino mwekundu. Kubwa ni kubwa, niliwaambia. «Enormous» ni kitu kinachopita kipimo mpaka mtu anarudi nyuma. Mlima Ruwenzori, sawa. Kiazi, hapana. Wakicheka, nawanyima alama.

Mwaka ule jeshi la Waganda lilikuwa limeushika mji. Asubuhi moja wakaniita kwenye ghala la kahawa walilolifanya ofisi yao, nimtafsirie mama muuza maharage, Katungu, waliyemkamata akishuka kutoka kijiji cha Musienene. Kapteni wao alijua Kiswahili, lakini mama alikana kabisa kukijua, akashikilia Kinande tu. Mimi nilijua anadanganya. Wiki moja kabla alikuwa amenisuta sokoni kwa Kiswahili kilichonyooka, eti mwalimu mzima anaomba maharage ya bure.

Kapteni akauliza kwa Kiingereza: wapiganaji wa Mai-Mai waliopita Musienene ni kundi la ukubwa gani? Nikatafsiri. Katungu akanitazama usoni, akajibu upesi kwa Kinande, nami nakigeuza hapa kwa Kiswahili cha kwetu:

«Ni batu tisa tu, batoto betu. Banalala nyuma ya shapele ya padri. Sasa wewe mwalimu, sema vile unajua.»

Kwa watu tisa, askari waliokuwapo wangetosha kupanda siku hiyohiyo, na kijiji walichopanda kuwatafuta watu sita, mwezi wa tatu, hakikubaki na nyumba. Mke wangu Kavira alikuwa Musienene kwa mama yake, na mtoto wetu wa siku nane. Lakini kundi likiwazidi nguvu, wangengoja wenzao kutoka Beni, na Kavira angepata muda wa kutoka.

«Enormous,» nikasema.

Nikaongeza kwamba mama ameona vilima viwili vimejaa watu, wakipita tangu alfajiri hadi saa sita. Uongo mtupu, na niliutamka vizuri. Kapteni akaweka kalamu chini. Akamgeukia askari aliyesimama mlangoni, akamwita Baluku, akamuuliza kama kweli ndivyo mama alivyosema.

Baluku. Jina hilo nilikuwa nimelisikia tangu naingia, likanipita. Kwetu Wanande mwana wa kwanza huitwa Paluku. Kwa ndugu zetu Wakonzo, upande wa pili wa Ruwenzori, huko Uganda, ni Baluku, na lugha yetu ni moja. Hayo nimeyajua tangu utoto, na siku yenye maana nikayasahau, mimi na Katungu wote wawili. Kijana yule alikuwa amesikia kila kitu, hesabu na shapele. Kumbe aliwekwa mlangoni ili anipime.

Alimtazama Katungu, kisha akanitazama mimi. Nilimwombea Kavira, sikukumbuka kujiombea.

«Enormous, afande,» akasema.

Kapteni akaamuru kwa Kiswahili Beni waitwe kwa redio. Wangepanda baada ya siku mbili, wote pamoja, na Katungu angebaki hapo ili awaongoze njia. Hilo sikuwa nimelifikiria. Neno langu lilimfungua Kavira, likamfunga yeye. Wakifika na kuikuta Musienene tupu, nani angeulizwa kama si yeye? Nikaanza kusema kwamba mama huyu ni mzee, hana miguu ya milimani. Kapteni akanionyesha mlango.

Katungu hakuhitaji kutafsiriwa. Akaniita kwa Kinande, sauti ya chini, kama mtu anayemtuma jirani dukani.

«Wende, mwalimu. Uambie batoto yangu batoke leo, na bibi yako pia. Mimi nitabaonyesha hawa njia. Tutaenda na ile ya murefu.»

Baluku alisikia na hayo. Akanifungulia mlango bila kuniangalia. Niliona aibu ambayo mpaka leo haijanitoka, lakini nilipita, nikashika barabara ya Musienene, nikakimbia.