Saa ya Ukutani ya Sajini Kidodi

Ukiniuliza kama ile filamu inafaa kununuliwa, nitakujibu haifai. Niliiangalia yote pale Mikumi, dukani kwa Nassir, nimekalia kreti la soda huku malori ya barabara kuu yakinipigia honi mgongoni. Picha imefubaa. Vita yenyewe ni watu kukimbilia kichakani na kurudi. Askari mkuu hana adabu hata chembe. Lakini niliinunua, na ningekuwa sijainunua ningekwenda leo hii kuinunua, hata kwa kugombana.

Naitwa Yudith. Nakaa Mabwerebwere, hapa Kilosa, na kaka yangu Makarius. Watu wa umri wangu hawahitaji kuambiwa Makarius ni nani. Kabla kila nyumba haijawa na televisheni na kila mtoto hajawa na simu, yeye ndiye alikuwa na banda la video: kuta za udongo, bati juu, mabenchi ya mbao, televisheni yenye chogo, deki, na jenereta likinguruma nyuma. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, nyingine kwa lugha ambazo hatukujua hata ni za wapi. Makarius alisimama pembeni ya televisheni na kifimbo chake, akatafsiri. Nasema kutafsiri kwa kumstahi tu, maana mimi dada yake nilijua nusu ya maneno anayatoa tumboni mwake.

Hiyo ya vita ilimfikia haina jalada wala jina. Siku ilipokuja alijifungia bandani akaiangalia peke yake, kisha akatoka akakaa kwenye jiwe la mlangoni. Nikamuuliza kama ni nzuri.

"Picha nzuri," akasema. "Maneno hayafai. Maneno nitaweka ya kwangu."

Akaweka. Askari mkuu akamwita Sajini Kidodi. Rafiki yake mrefu, mwembamba, akamwita Koplo Tindiga. Mto wanaoupigania ukawa Mkondoa. Sajini Kidodi, tangu mwanzo mpaka mwisho, amebeba mgongoni saa kubwa ya ukutani. Makarius akatueleza kwamba saa hiyo ni ya mama yake Sajini. Iliharibika, mama akamtuma aipeleke kwa fundi mjini, na ile anatoka nayo kwa fundi vita ikamkuta njiani. Hawezi kuitupa kwa sababu ameahidi kuirudisha. Basi ikabidi apigane nayo mgongoni.

Nani Kilosa hajawahi kutumwa kwa fundi? Tulimpenda Sajini Kidodi kupita kiasi. Filamu nyingine zilikuja zikaondoka, hiyo ilioneshwa mpaka mkanda ukaanza kukwaruza.

Aliyeipenda kuliko wote alikuwa Lenku. Alikuwa kijana wa kifugaji kutoka Tindiga, akija kuleta ng'ombe mnadani. Alisikia kwamba kuna askari anaitwa kwa jina la kwao, akaingia na shuka lake na rungu, akakaa benchi la mbele. Kiswahili alikuwa hajui. Kiswahili chote alichonacho Lenku kimetoka mdomoni mwa Makarius, na kwa hiyo ni Kiswahili cha vita. Mara ya kwanza kunisalimia sokoni aliniuliza hali ya mbele ikoje na adui yuko wapi. Alipoota jipu alimwambia nesi kwamba amejeruhiwa lakini hatarudi nyuma. Makarius alimwita Kamanda, na hajaacha mpaka leo.

Kasoro yake Lenku ilikuwa moja. Tindiga ni mbali na ng'ombe hawangoji, kwa hiyo Sajini Kidodi akishapigwa risasi ukingoni mwa mto na kuanguka kifudifudi, yeye aliinuka, akafuta macho kwa shuka, akatoka. Sisi wengine tulibaki. Kwa Makarius filamu haikuisha eti kwa sababu majina yameanza kupanda kwenye kioo. Kwake hapo ndipo ilipoanza sehemu yake, na ole wako uinuke.

Mambo hayadumu. Mkondoa ulipofurika uliingia bandani ukachukua deki, mikanda na mabenchi, na hata yasingekuwa maji, simu zingelimaliza lile banda polepole. Makarius hakulia. Akawa mshereheshaji wa harusi, akawa mtangazaji wa mnadani, mdomo ndio uliokuwa jembe lake. Halafu kiharusi kikampata. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yote yakaondoka, likabaki moja tu.

Bado.

Ukimsalimia, bado. Ukimuuliza umelalaje, bado. Jirani yangu Mwanvua, ambaye Mungu alimpa masikio mawili na ndimi tatu, alipita siku moja akamuuliza kama amekula. Kaka alikuwa ametoka kumaliza sahani ya wali na maharage, nimemlisha kwa mkono wangu, akajibu, bado. Kesho yake mtaa mzima ukajua kwamba Yudith anamshindisha kaka yake na njaa. Mpaka baada ya ibada watu walininong'oneza nimwogope Mungu.

Hilo nililizoea. Nilichoshindwa kuzoea ni yeye kugeukia ukuta. Akisikia hodi anageuka, anajifunika, hataki mtu amwone. Mtu aliyekaa na watu maisha yake yote akawa halali wala haamki, yupo tu chumbani. Daktari alisema mwili una nguvu ya kutosha kutembea mpaka barazani, kilichobaki ni moyo. Wateja wake wa zamani walikuja, wakaona mgongo, wakaacha kuja. Nilimwona anaondoka taratibu huku anapumua, na niliogopa.

Ndipo nikaenda Mikumi kupeleka mchele kwa mama lishe wangu, nikaona kwa Nassir kasha la diski za zamani limewekwa nje. Nassir ni mtu wa makamo, mpole. Aliniamkia, nikamwitikia, nikamwambia natafuta filamu ya Sajini Kidodi.

Akaniuliza ni bongo muvi ya mwaka gani. Nikamwambia si bongo muvi, ni ya Wazungu, wanapigana Mkondoa, yupo na Koplo Tindiga. Nassir akaniangalia kwa huruma kama unavyomwangalia mtu mwenye homa. Akasema kwa heshima kwamba hajawahi kusikia Wazungu waliopigana Mkondoa. Mimi nami nikapandisha sauti kwamba nimeiona kwa macho yangu zaidi ya mara ninazoweza kukumbuka, mpaka mtu wa duka la pili akachungulia. Hapo nikajisikia mjinga. Tangu nizaliwe sikuwahi kujiuliza filamu ile inaitwaje huko ilikotoka.

Nikamweleza nilichokiona badala ya nilichokisikia: askari amebeba saa ya ukutani mgongoni. Akapekua kasha, akatoa diski yenye jalada lililokwaruzika, na huyo hapo Sajini wetu, na saa yake. Nilitaka kuibusu.

Nikamwomba ajaribishe. Akaiweka, maandishi ya Kiingereza yakawa yanapita chini, na kwa kuwa Kiingereza changu kiliishia darasa la saba Nassir akawa ananielezea. Afadhali asingenielezea. Sajini haitwi Kidodi, hilo sawa. Lakini ile nyumba tuliyoambiwa ni ya fundi ni ya marehemu fulani, na saa ameiiba ukutani. "Hapa anasema ataiuza apate pombe," Nassir akaniambia. Koplo Tindiga si rafiki yake, wanatukanana njia nzima, na anamfuata kwa sababu anataka mgao. Mama hatajwi popote. Mwishoni Sajini anaanguka pale ukingoni, majina yanapanda, basi.

"Mama, hii haifai," Nassir akasema. "Ngoja nikupe mpya, yenye vita ya kueleweka."

Nilikaa pale kwenye kreti na moyo umevunjika. Kaka yangu alijua. Alisoma misheni mpaka kidato cha tatu, Kiingereza alikielewa vizuri, na siku ile alipokaa kwenye jiwe la mlangoni alikuwa ameshaona kwamba amenunua hadithi ya mwizi. Nikawaza: nikiipeleka nyumbani, watu wakasikia maneno yenyewe, watasema Makarius alikuwa mwongo, naye hana hata mdomo wa kujitetea. Nikamrudishia Nassir diski. Halafu nikamnyang'anya tena. Nilimwambia anifungie hiyo hiyo, na kwamba nyumbani nitaionesha bila sauti.

Jumapili baada ya ibada nilimpigia Lenku simu. Siku hizi ni mzee wa familia yake, ana pikipiki na wajukuu. Nikawaita na wengine wachache wa mabenchi yale, na Mwanvua akajileta mwenyewe. Makarius nilimjua hatakuja kwa kubembelezwa. Kwa hiyo alipoenda kunawa nilibeba godoro lake nikalianika juani, nikafunga chumba, nikaacha kiti kimoja tu sebuleni, mbele ya televisheni. Aliporudi akaniangalia kwa hasira. Nikamwambia godoro lina kunguni. Akakaa, akageuza uso ukutani, na wageni wakaingia wakamwamkia mgongo.

Nikafunika madirisha kwa kitenge, nikawasha, nikaua sauti.

Saa ilipotokea kwenye kioo, shingo yake iligeuka. Akainama mbele. Nikaona mdomo unafunguka, kidevu kinatafuta mahali pa kuanzia, na sote tukangoja. "Bado," akasema. Sajini anapita kichakani. "Bado. Bado." Akajaribu tena, akapiga paja lake kwa mkono ulio mzima, machozi yakaanza, akashika kiti ainuke aende zake. Nilijilaani. Nilijiona nimemvua nguo kaka yangu mbele za watu.

Lenku akaondoka kwenye nafasi yake. Alichukua mwiko wangu wa ugali pale kwenye kabati, akaenda kusimama pembeni ya televisheni, upande uleule. Akakohoa mara mbili, na kikohozi kilikuwa cha Makarius.

"Mwenye mtoto anayelia atoke naye nje," akasema. "Huyu ndiye Sajini Kidodi. Anatoka kwa fundi. Ndugu zangu, hajui kama mbele kuna vita."

Hapakuwa na mtoto yeyote pale ndani. Yalikuwa ni maneno ya Makarius, yote, kama yalivyokuwa: kikohozi, mtoto anayelia, karanga zinazouzwa mlangoni, onyo kwa wanaochungulia kwenye tundu la ukuta. Lenku hakuwahi kwenda shule. Hicho ndicho kilikuwa kitabu chake na alikuwa amekishika chote. Makarius akaketi tena. Lenku akiruka mahali, Makarius anagonga mkono wa kiti, ko, ko, na Lenku anarudi nyuma na kusema kilichosahauliwa. Koplo Tindiga alipotoa maji yake ya mwisho kumpa Sajini, mzee mzima Lenku sauti ilimkwama, na kaka yangu akacheka. Kicheko nilikuwa sijakisikia tangu augue. Nilikwenda jikoni kidogo kujifuta uso, nikajifanya nimefuata chai.

Nilirudi risasi inalia bila kulia. Sajini akaanguka ukingoni, saa ikaanguka karibu naye.

"Amekufa kiume," Lenku akasema, akashusha mwiko. Na kwa mazoea ya zamani, huyo akashika shuka lake, akafuta macho, akaelekea mlangoni. Majina yakaanza kupanda. Watu wakainuka, viti vikaburuzwa, Mwanvua akaanza kutafuta kandambili zake.

"Bado."

Haikuwa sauti ya mgonjwa. Ilikuwa ile sauti ya bandani, ya kumrudisha mtu aliyekwisha kufika nje. Na sote, hata Mwanvua, tukakaa chini kabla hatujafikiri. Hapo ndipo nilipokumbuka. Alikuwa akituzuia hivyo kila siku, kwa neno hilo hilo, majina yalipoanza kupanda, na mimi nimeishi nalo ndani ya nyumba nikilipa jina la ugonjwa.

Lenku alikuwa mlangoni. "Bado nini, Kamanda?" akauliza. "Mtu amekufa."

Makarius akaniangalia mimi. Ni mimi niliyekuwa nikibaki mpaka mwisho, mimi niliyekuwa nikimcheka njiani kwamba anatudanganya. Nikaenda nikachukua mwiko.

"Bado hajafa," nikasema. "Wanawake wa Mabwerebwere wameteremka mtoni kufua. Mmoja anasikia kitu kinagonga. Wanadhani ni moyo, kumbe ni saa. Wanainama tena, wanasikiliza vizuri. Na moyo pia."

Nikawaeleza walivyombeba kwa kanga, wakamnywesha uji, na jinsi alivyofika kwao Kidodi jioni moja, saa mgongoni, mama yake akamkuta mlangoni asijue amlie au amgombeze, akamuuliza ni fundi gani huyo anayekaa na saa ya watu miaka mitatu. Sajini akaitundika ukutani. Akala, akalala. Majina yalikuwa yamekwisha kupanda zamani, kioo cheusi, na hakuna aliyeinuka.

Lenku alikuwa amekaa kizingitini, shuka limemfunika uso. Akasema kwamba miaka yote hii amemlilia yule mtu. Nikamwambia alikuwa akiondoka mapema. Kaka yangu akamnyooshea mkono ulio mzima, Lenku akaja akaushika, wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Jumapili iliyofuata sikuanika godoro. Nilirudi kanisani nikamkuta Makarius ameshajitoa chumbani mwenyewe, yuko kitini, mwiko uko mapajani, anatazama barabara. Nikamwamkia, nikamuuliza kama wageni wetu wamefika.

"Bado," akasema. Na kweli, walikuwa bado.