Sauti Kutoka Darasa la Jirani

Mwalimu Chaki aliegemeza simu kwenye kopo la chaki, akawasha kispika, akabonyeza. Somo likaanza kwa sauti yake mwenyewe, naye akafuata kwa kuchora ubaoni. Watoto tisini walikwisha kuzoea kufundishwa na mwalimu aliyefunga mdomo.

Miaka ya kupigia kelele madarasa yaliyofurika ilikuwa imelimaliza koo lake. Daktari alisema apumzishe sauti. Ofisi ya elimu, hata hivyo, haikuwa na likizo ya sauti. Asiyeweza kusema aliondolewa, na yeye alibakiza mwaka mmoja tu astaafu.

Aliyemwokoa ni mwalimu wa hesabu wa darasa la jirani, waliyemwita Betri kwa kuwa hakosi kutafuta pa kuchajia simu. Alimwonyesha kurekodi nyumbani alfajiri, simu ikiwa karibu na mdomo, akinong'ona kama anayembembeleza mtoto. Kupaza ni kazi ya kispika. Siku Mwalimu Chaki alipofuta somo zima badala ya kulihifadhi akaangua kilio, Betri hakucheka. Alivuta kiti wakaanza upya.

"Dada, kitu kilicho mahali pamoja hesabu hakipo," alimwambia. "Kila ukirekodi, nitumie na mimi."

Akawa anamtumia. Kila usiku alimwombea dua ambazo hata marehemu mumewe hakuwahi kuzipata.

Asubuhi hiyo mkaguzi aliingia bila hodi. Akaiona simu, akaizima. Alisema waraka unakataza simu darasani, na kweli unakataza. Walimu wote waliusoma kwenye simu zao, maana ndiko ofisi ilikoutuma. Akaitia simu ya watu mkobani, akaketi nyuma kwenye dawati la watoto.

"Haya, mwalimu. Fundisha, nakusikiliza."

Mwalimu Chaki alifungua mdomo. Kikatoka kimluzi, kisha hata hicho kikakata. Mkaguzi akatoa kalamu. Watoto waliinamisha vichwa kwa aibu isiyo yao, na mama wa watu akaona mwaka wake mmoja unaondoka hivi hivi.

Ukuta wa madarasa yale ni mbao tupu, haufichi hata chafya. Upande wa pili kelele za kujumlisha zikakoma. Kispika kikakwaruza, kisha sauti yake mwenyewe ikapenya mbao:

"Watoto wangu, tuliishia kwenye mizizi. Nani anakumbuka mzizi mkuu unaelekea wapi?"

"Chini!" darasa zima likauitikia ukuta.

Mwalimu Chaki alihisi machozi, akayaacha yatiririke. Mungu amzidishie Betri, amwekee na umeme nyumbani kwake. Akaokota chaki, akachora mzizi mrefu hadi ukingoni mwa ubao.

"Nani huyo anayefundisha?" mkaguzi aliuliza, kalamu ikining'inia.

Mwalimu Chaki hakugeuka. Alikusanya pumzi yote iliyobaki.

"Ni mimi," alinong'ona, akaendelea kuchora.